HER2 imesoma 2+: nikague nini kabla ya kukatia FISH?

Slaidi_Kavu:
Wakuu, salaam. Biopsi ya sindano ya titi, saratani vamizi, imunohistokemia (kupaka rangi protini kwa kingamwili) ya HER2 imesoma 2+, yaani alama ya katikati isiyo na uamuzi kwenye ngazi ya 0 hadi 3+. Najua inakwenda FISH (kuhesabu nakala za jeni kwa nukta zinazong'aa), ila bloku, yaani tishu iliyogandishwa kwenye nta, imebaki kidogo na sitaki kuikata ovyo. Nihakiki nini kwenye slaidi niliyonayo? Na FISH ikirudi na uwiano wa HER2 kwa sentromia (kitovu) ya kromosomu 17 chini ya 2 huku nakala za HER2 zimepita 4 kwa seli, naripotije?

Mrija17:
Kwanza tukumbushane kinachopimwa. Jeni ya HER2 huitwa pia ERBB2, iko kromosomu 17, na protini yake ni kipokezi kinachokaa kwenye utando wa seli. Ndugu zake husubiri kichocheo kije kiwaamshe. Huyu hana kichocheo chake kinachojulikana; muda wote yuko tayari kuungana na mwenzake, hasa HER3, na wakishaungana amri ya kugawanyika inashuka kwa njia za ishara ndani ya seli ziitwazo PI3K/AKT na MAPK. Seli ya kawaida ina nakala 2. Jeni ikizidishwa, nakala zinaweza kupita 10, na utando unafurika protini. Hali hii iko kwenye takriban asilimia 15 hadi 20 ya saratani za titi.

Imunohistokemia inaangalia protini, FISH inahesabu jeni yenyewe. 2+ za kweli nyingi hurudi hasi, kwa hiyo usishangae.

Fomalini10:
Mkuu, anza na mirija ya kawaida iliyo kwenye slaidi hiyohiyo. Kama nayo imeshika rangi kwenye utando, hiyo 2+ ni ya jikoni: antijeni zimechemshwa kupita kiasi au kingamwili ni kali mno. Rudia kupaka rangi kabla ya kufikiria FISH.

Halafu soma seli vamizi tu. Saratani iliyo bado ndani ya mirija mara nyingi inawaka sana na inadanganya jicho. Ruka kingo za kipande na sehemu zilizobanwa na sindano, rangi hujikusanya huko. Chengachenga za ndani ya seli hazihesabiki. 2+ ni utando uliozungukwa wote kwa rangi hafifu hadi ya wastani, kwenye zaidi ya asilimia 10 ya seli. Ikiwa nzito na imezunguka kote, hiyo ni 3+ na huna haja ya FISH. Angalizo: aina ya saratani ya titi iitwayo mikropapilari hushika rangi kama herufi U, upande mmoja wazi. Usiishushe kuwa 1+ kwa sababu haikuzunguka. Inaweza kuwa imezidisha jeni.

Tishu ilikaa kwenye fomalini muda gani?

Slaidi_Kavu:
Ijumaa saa 8 mchana hadi Jumatatu saa 3 asubuhi.

Fomalini10:
Saa 67. Umepona chupuchupu, kikomo ni 72 na cha chini ni 6, hata kwa kipande chembamba cha sindano. Ila kama mashine ya kuchakata tishu inaanza na vyungu vya fomalini, ongeza na muda huo.

Nukta_Nyekundu:
Nije kwenye FISH. Hesabu angalau seli 20, viini visivyolaliana. Kwa vichunguzi vingi (vipande vya DNA vyenye rangi) HER2 ni nukta nyekundu, sentromia ya kromosomu 17 ni kijani. Mfano: nyekundu 124, kijani 44. Wastani wa HER2 ni 6.2 kwa seli, uwiano 2.8. Chanya, hakuna mjadala.

Hali uliyouliza ni kama nyekundu 90, kijani 56: wastani 4.5, uwiano 1.6. Hapo usiripoti peke yako. Msomaji wa pili, asiyejua hesabu yako, ahesabu seli nyingine 20 akiongozwa na slaidi ya imunohistokemia. Akipata hali hiyohiyo (uwiano chini ya 2, wastani 4 hadi chini ya 6), kwa 2+ jibu ni hasi, na maelezo yake yaandikwe. Wastani ukifika 6 na kuendelea, hata uwiano ukiwa chini ya 2, akithibitisha ni chanya.

Kinachoharibu zaidi ni pepsini, kimeng'enya cha kuyeyusha protini ili vichunguzi vipenye. Ikizidi, viini vinabaki maganda na nukta zinapotea. Ikipungua, unaona ukungu wa kijani kila mahali. Kipande kiwe mikroni 4 hadi 5, chembamba zaidi kinakata viini na nakala zinapungua kwa uongo.

Mrija17:
Niongeze kwa nini usikimbilie kuita chanya. Trastuzumab, dawa inayolenga HER2, ni miligramu 8 kwa kilo dozi ya kwanza, kisha 6 kila wiki 3, kwa kawaida mwaka mzima baada ya upasuaji, na inaweza kudhoofisha moyo. Ndiyo sababu ya kupima eko (ultrasaundi ya moyo) kabla ya kuanza na takriban kila miezi 3. Asiye na jeni iliyozidi anabeba madhara hayo bure.

Na kwenye ripoti usiandike "hasi" ikaishia hapo. Andika "2+, FISH hasi". Saratani ikisambaa, daktari anaweza kufikiria trastuzumab deruxtecan (trastuzumab iliyobebeshwa dawa ya kuua seli), na kwa dawa hiyo 0 na 2+ hasi ni wagonjwa tofauti.

Slaidi_Kavu:
Mirija ya kawaida ni safi, rangi iko kwenye seli vamizi tu. Nakata vipande 2 vya mikroni 4.