Kuchonga vikanyagio vya R6 nyumbani

Wakuu, nikilala kona vikanyagio vya miguu vya pikipiki yangu Yamaha R6 vinakwaruza lami, nataka kuchonga vingine vikae juu na nyuma kidogo, nina kerezo ndogo na drili ya kusimama tu. Alumini ipi inafaa?

— Tafuta aloi ya 6061-T6 mkuu, unene milimita 10 hivi, ile ya masufuria yaliyoyeyushwa usiiguse kabisa ina vitundu ndani, itakukatikia ukiwa spidi. Leva ya gia inapozungukia weka bushi (kibomba kifupi cha ndani ya tundu) ya shaba nyeusi, bila hivyo tundu linalika gia inaanza kucheza.

— Na kona za ndani za kipande zichonge mviringo, ufa huanzia hapo. Wangu niliuona nikiosha pikipiki, mwembamba kama unywele, pembeni ya boliti. Na ukihamisha kanyagio la breki, swichi ya taa ya breki usiisahau jamani!