Shomoro wanakaa mdomo wazi saa nane mchana, ni wagonjwa ama ni hili joto?

Mama_Nyamasaria: Wadau habari zenu. Huku Kisumu jua limetukaanga, sasa kwa mwembe wetu kuna shomoro na mnana, ikifika saa nane wanakaa tu kivulini mdomo wazi, mabawa wameyaachia kando, hawaimbi hawali. Ni ugonjwa?

Ticha_Nax: Si ugonjwa mama. Ndege hana tezi za jasho hata moja, kwa hivyo anahema ili unyevu wa koo uondoke na joto, na mabawa anaachia hewa ipite pale chini penye manyoya haba. Mwili wake huwa kama digrii 41, sisi 37, so hewa ikiwa 33 bado joto linatoka lenyewe. Balaa ni hewa ikipita joto la mwili wake, hapo amebaki na maji peke yake, na hako kadege ka gramu 20 kana maji gani ya kuchezea? Halafu kwa vile ni kadogo, ngozi ni kubwa ukipima na uzito, joto linaingia mbio. Wengi huachia joto la mwili lipande hadi 43 ama 44 ndio wasimalize maji, lakini ikifika kama 46 ameenda.

KijanaWaLurambi: Mbona njiwa sioni wakihema hivyo?

Ticha_Nax: Njiwa hupitisha maji mengi kwa ngozi. Ni ujanja mzuri, maana kuhema kwenyewe ni kazi ya misuli, kunaongeza joto lile lile unalolikimbia.

Mama_Nyamasaria: Na huo muda wote wanakula saa ngapi sasa?

Ticha_Nax: Hapo ndipo mimi naona hatari iko, kuliko hata kufa kwa jua. Jangwa la Kalahari kuna ndege walipimwa uzito, siku ikizidi 35.5 wanatafuta chakula kama kawaida lakini kwa vile wanahema wanapata kidogo, jioni hawajarudisha uzito waliopoteza usiku. Siku moja si neno, wiki nzima je?

KijanaWaLurambi: Nilisoma pia ya Australia, 2016, kuna ndege huita mayai yake kukiwa na joto kali, na vifaranga wakitotolewa kwa kiota cha moto wanakua na mwili mdogo. Yaani wanaambiwa wakiwa bado ndani ya ganda, manze!

Ticha_Nax: Kweli kabisa, zebra finch hao. Mama, weka maji kwa sahani isiyo na kina, kivulini, ila mbali na kichaka, paka hujificha hapo.