Kapu la nguo chafu la chumbani: lipendeze, lakini nguo zisivunde

Mama_Njiro
Habari zenu wadau. Natafuta kapu la nguo chafu la kuweka chumba cha kulala, nyumba iko Njiro, Arusha. Kitanda na kabati ni vya mninga, sakafu ni vigae vyeupe, na nafasi iliyopo ni kona ya sm 45 kati ya kabati na ukuta wa nje. Nguo ni za watu wawili, zinafuliwa kila Jumamosi. Sasa hivi kuna pipa la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Linaharibu sura ya chumba, na tangu mvua za masika zianze nguo nyeupe zinatoka na vidoa vyeusi kwenye kola na makwapani. Nimeona matenga ya mianzi na vikapu vya Iringa. Nichukue kipi, ukubwa gani, na ndani niweke kitambaa gani?

Msuka_Tenga (Moshi)
Karibu Mama Njiro. Vidoa hivyo ni ukungu, na chanzo chake ni lile pipa. Nguo iliyovaliwa ina jasho, ukiifungia mahali pasipopita hewa unyevu hauna pa kwenda, na siku moja au mbili zinatosha kwa ukungu kuanza. Arusha hali itaendelea hata masika yakiisha, kwa sababu Juni mpaka Agosti kuna baridi na mawingu, na nguo hazikauki haraka. Kwa hiyo kabla ya kuangalia urembo, angalia kama unaweza kuona mwanga kupitia ubavu wa kapu. Kama huoni, liache.

Hapo ndipo tenga la mwanzi linapokishinda kikapu cha Iringa. Vile vya Iringa, vya nyasi za milulu, ni vizuri sana kwa macho, lakini vinasukwa kwa kubana na vingi ni vifupi. Chukua kimoja kidogo kwa soksi na nguo za ndani zilizo safi, kiweke juu ya kabati. Kazi kubwa lipe tenga.

Ukubwa: upana sm 40, kimo sm 60. Hilo linabeba kama lita 75, wiki moja ya watu wawili pamoja na shuka, na kwenye kona yako linabakiza nafasi ya hewa ubavuni. Usishawishike na la sm 80 kwenda juu. Jinzi moja ina gramu 600 hadi 800, ukizijaza huko chini tenga linakuwa halinyanyuliki, na nguo za chini zinakaa wiki tatu bila kufikiwa.

Ukienda Kilombero au Soko Kuu, au ukishuka Moshi pale Mbuyuni, agiza jipya. Lililokwisha kubeba nyanya usilichukue hata likipigwa vanishi, maana maji ya nyanya yameingia kwenye chane na mende wanapenda kutaga humo. Ukilishika, fanya hivi. Bonyeza ubavu kwa viganja viwili. Likilia na kurudi mahali pake, limekauka. Likibonyea kimya na chane zina rangi ya kijani, mwanzi bado mbichi, na ukikauka utasinyaa na msuko utalegea ndani ya mwezi. Ligongegonge juu ya karatasi nyeupe. Ukiona unga laini kama wa sembe, kuna bungua ndani. Mwanzi una wanga, na huo ndio chakula chake. Halafu vaa soksi ya nailoni mkononi uipitishe ndani kote. Kila inaponasa pana kibanzi ambacho kingechana blauzi yako.

Vibanzi vinaondoka kwa msasa namba 180. Bungua kidogo anatibika: mwagia tenga maji yanayochemka, ndani na nje. Chane ina unene wa mm 2 au 3 tu, joto linafika. Kisha likaushe kivulini penye upepo siku tatu, si kwenye jua kali, litapasuka. Mafuta ya taa yanaua wadudu kweli, ila harufu yake itahamia kwenye nguo, kwa hiyo hapana. Malizia na vanishi ya maji mikono miwili, ndani pia, ili kuziba vitundu ambamo bungua hutaga. Liache wazi siku nne mpaka harufu iishe. Rangi ya asili ya mwanzi ikikaa karibu na mninga inapendeza yenyewe, usipake rangi.

Cherehani_Majengo
Naongezea ya kitambaa, maana wengi wanaharibikia hapa. Dada, ndani usiweke kitenge. Kitenge kipya kinachuja rangi, na taulo au shati lenye jasho likikilalia siku tano linaondoka na ua la kitenge mgongoni. Ndani weka marekani isiyotiwa rangi. Kitenge kiwe mkunjo wa juu tu, ule unaogeukia nje na kuonekana. Urembo wote unaoutaka uko kwenye huo mkunjo.

Marekani yadi 2 zinatosha. Ifue kwa maji ya moto na uipige pasi kabla ya kukata, kwa sababu ina wanga wa kiwandani na inasinyaa. Usipofanya hivyo mfuko utasinyaa baada ya kufuliwa mara ya kwanza, utaning'inia bila kufika kitako, na mzigo wote utabebwa na mshono.

Kwa tenga la sm 40 kata kipande cha sm 128 kwa 62, na duara la kitako lenye upana wa sm 42. Ile sm 2 ya ziada kwenye duara ni ya mshono. Fundi akikata sm 40 kamili, mzunguko wa duara unakuwa mdogo kuliko mfuko, analazimisha marinda na kitako kinakaa kama kofia. Mshono wa kitako upigwe mara mbili.

Sasa mkunjo. Mdomo wa tenga una ukingo mnene, kwa nje unafika sm 44, yaani mzunguko wa sm 138. Ukikata kitenge sawa na mfuko wa ndani hakitageuka, kitakwama juu ya ukingo. Kata vipande viwili vya sm 72 kwa 24, viunganishe upate mzunguko wa sm 140, uvifungie kwenye mfuko kwa marinda madogo madogo, na upande wa chini pitisha lastiki ya sm 1. Mabaki ya gauni yanatosha kabisa. Weka na vishikio viwili vya marekani hiyo hiyo kwenye mshono, ili Jumamosi unyanyue mfuko peke yake mpaka kwenye karo, tenga libaki chumbani.

Na ufue mfuko wenyewe kila wiki pamoja na nguo. Watu wanausahau mpaka unavunda.

Fundi_Sakina
Tenga ni zuri, lakini kwa kona ya sm 45 kuna njia nyingine: fremu ya mbao ya mkasi yenye mfuko wa kuning'inia. Inakunjwa, na hewa inapita pande zote hadi chini.

Miguu 4 ya mbao ya 1x2, kila mmoja sm 80. Fito 4 za mviringo, mpini wa fagio unafaa. Bolti 2 za M8 zenye urefu wa mm 70, washa 6, nati za kujibana. Unatengeneza fremu mbili za mstatili, ya ndani iwe nyembamba kuliko ya nje kwa sm 5.5, yaani unene wa mbao mbili na nafasi ya washa. Bila hiyo nusu sentimita mbao zinasuguana na fremu inagoma kufunguka. Toboa katikati kabisa, sm 40 kutoka kila ncha, kwa msumeno wa kutobolea wa mm 8. Tundu likikosea hata sm 1, meza ya juu inainama.

Fito mbili za juu zikiachana sm 40, kimo kinakuwa kama sm 69. Funga ukanda kati ya fito mbili za chini ili miguu isiteleze kwenye vigae. Mfuko uwe na kina cha sm 55 usiguse sakafu. Paini au saipresi ya mashamba ya huku kwetu inatosha, ila hakikisha imekauka; mbichi itajipinda na mkasi hautafunga. Ukitaka ifanane na kitanda, omba vipande vya mninga vilivyobaki karakana. Kazi ya mninga mwembamba ni kutoboa kwanza kabla ya skrubu, vinginevyo unapasuka.

Cherehani_Majengo
Fundi, hapo kwenye kutoboa nadhani ulikusudia keekee, si msumeno.

Fundi_Sakina
Ni kweli, keekee yenye biti ya mm 8. Na "meza ya juu" nilimaanisha fito za juu zinakaa upande. Asante.

Mama_Njiro
Asanteni sana. Naelekea kwenye tenga na mfuko wa marekani. Maswali mawili: nilifunike? Na vile vidoa vilivyokwisha kuingia vinatoka?

Msuka_Tenga (Moshi)
Mfuniko sawa, kama umesukwa kwa nafasi kama ubavu. Wa mbao nzima au wa kubana, hapana. Lisogeze mbali na ukuta wa nje, nafasi yote inayobaki iwe upande huo, ukuta huo ndio wenye baridi na unyevu. Na kwa kuwa unadeki vigae, kitako kisikae sakafuni, maji ya dekio ndiyo yanayokifanya cheusi. Kata vipande vinane vya ndala kuukuu, upana kama sarafu ya shilingi 200, unganisha viwili viwili kwa unene upate miguu minne, uibandike chini ya kitako kwa gundi ya fundi viatu. Ipange sawa ili tenga lisiyumbe.

Taulo na nguo zenye maji zipite kwanza kwenye kamba.

Cherehani_Majengo
Vidoa kwenye pamba nyeupe: jiki mililita 50 kwa lita 5 za maji baridi, loweka dakika 15, suuza mara mbili, anika juani. Usichanganye na siki wala dawa ya choo, hewa inayotoka ni sumu. Kwa nguo za rangi, hariri na sufu usitumie jiki. Za pamba za rangi loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni usiku mmoja, sugua kwa brashi laini, anika juani, rudia. Kidoa kilichokaa miezi kinaweza kupungua tu bila kuisha, kwa hiyo anza na kola za wiki hii.