Printa ya USB kugoma kuonekana kwenye kompyuta ya nyumbani: tupeane uzoefu, kwako tatizo lilikuwa nini hasa?

Mwanzisha mada

Habari zenu wakuu.

Wiki iliyopita nimekesha na printa. Ni ya wino, ya kawaida kabisa, inaunganishwa kwa waya wa USB, na kwa miaka mitatu haijawahi kunisumbua. Binti yangu alikuwa na kazi ya shule ya kurasa 12 inayotakiwa asubuhi. Nabonyeza kuprinti, naambiwa printa iko "Offline". Naitazama: taa inawaka, karatasi zipo, wino upo, waya umechomekwa pande zote mbili.

Nikapakua programu yake upya na kuiweka juu ya ile ya zamani. Mara tatu. Ilipofika saa saba usiku, binti keshalala kwenye kochi, ndipo nikaisoma vizuri orodha ya printa badala ya kuipitia juu juu. Zilikuwa mbili, jina moja, ila ya pili mwishoni imeandikwa "Copy 1".

Kumbe mchana meza ilisogezwa wakati wa usafi, waya ukachomoka, aliyeurudisha akauchomeka tundu la jirani. Printa kama yangu, isiyojitambulisha kwa namba yake ya pekee, kompyuta huitambua kwa tundu ilipochomekwa. Ikihama tundu inahesabiwa kuwa printa mpya. Ile ya zamani ilibaki inasubiri kwenye USB001 ambako hakuna kitu, na ndiyo iliyokuwa chaguo-msingi (ile inayotumiwa usipochagua nyingine), kwa hiyo kila nilichotuma kilikwenda huko. Nikafungua sifa za printa, kwenye "Ports" nikahamisha alama ya tiki kutoka USB001 kwenda USB002. Kurasa 12 zikatoka mfululizo.

Naomba kila mwenye kisa chake akiweke hapa: dalili ulizoziona, ulichohangaika nacho bure, na kilichomaliza tatizo. Tusiishie kusema "nilizima nikawasha ikakubali". Tuambiane kwa nini ilikubali, maana hapo ndipo mwenzako atakapopata pa kuanzia.

Nawasilisha.

Wino Mweusi

Shukrani kwa mada, mkuu. Yangu ilikuwa foleni ya kazi zinazosubiri kuchapwa.

Nilituma picha kubwa, printa ikavuta karatasi nusu ikasimama. Nikaifuta ile kazi kwenye foleni, ikaandika "Deleting" na kubaki hivyo hivyo mpaka kesho yake. Kila nilichotuma baada ya hapo kilijipanga nyuma yake. Nilibadilisha waya, nikabadilisha tundu, nikakaribia kuamini printa imekufa, na kumbe printa yenyewe ilikuwa haijaletewa kitu.

Kilichonisaidia: kwenye huduma za Windows nilisimamisha Print Spooler, ile inayopanga foleni ya kuchapa, nikaingia kwenye folda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS nikafuta vilivyomo ndani, kisha nikaiwasha tena huduma. Vilivyomo tu, folda yenyewe usiiguse. Ndani mle kila kazi ina mafaili mawili, moja linaishia na SPL lenye kurasa zako, jingine SHD lenye maelezo ya kazi hiyo: nani katuma, kwa printa ipi, nakala ngapi. Yangu yalikuwa mafaili 14, yaani kazi saba. Kumbuka kusimamisha huduma kwanza, ukifuta ikiwa inafanya kazi utaambiwa faili linatumika.

Mtoto wa Mwalimu

Mimi sikuwa hata mbele ya printa. Mama yangu anaishi mbali nami, ana kompyuta ya mezani ambayo boksi lake liko chini ya meza, kwenye giza. Alinipigia kwamba printa mpya haionekani. Tukaongea kwa simu karibu saa nzima.

"Mama, waya umeingia kwenye kompyuta?"
"Umeingia mwanangu, ila unachezacheza kidogo."

Hilo neno "unachezacheza" nililipita, nikaendelea kumwelekeza kwenye mipangilio, kubonyeza huku na kule, mpaka akachoka na mimi nikachoka. Mwisho nikamwomba apige picha nyuma ya boksi. Nilipoifungua nikaona: kichwa bapa cha USB kimeingia kwenye tundu la waya wa mtandao. Upana wake unakaribiana na wa tundu lile, kwa hiyo ukipapasa kwa mkono bila kuona, kinaingia na kukaa. Ndani hakishiki chochote.

Alipouhamishia kwenye tundu lenyewe la USB kompyuta ililia mlio, na mama akasema, "Ee, sasa imeitika." Tangu siku hiyo, nikimsaidia mtu kwa simu naomba picha kwanza ya nyuma ya kompyuta na nyuma ya printa.

Fundi Tochi

Natengeneza kompyuta na printa kila siku, kwa hiyo naongeza ninavyoanza mimi. Mwanzisha mada atanisamehe: mara tatu za kuweka programu upya zisingehitajika.

Kabla hujagusa draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na printa), jua kwanza kama kompyuta inaiona printa. Fungua Device Manager, ile orodha ya Windows ya vifaa vya kompyuta, iache wazi mbele yako, kisha chomoa waya wa printa uuchomeke tena huku macho yako kwenye orodha. Orodha ikicheza, waya uko hai. Isipocheza kabisa, na umejaribu matundu mawili na waya mwingine ulio mzima, achana na draiva. Draiva haiwezi kuzungumza na kitu ambacho hakijafika.

Ukiona kimejitokeza kifaa kisichojulikana, chenye maneno "Device Descriptor Request Failed", maana yake kompyuta imehisi kuna kitu kimechomekwa, ikakiuliza "wewe ni nani?", na jibu halikufika au lilifika bovu. Hapo wa kushukiwa kwanza ni waya, kisha tundu, na mwisho bodi ya printa. Lakini ukiona "USB Printing Support", huko chini kumetimia. Panda juu sasa: draiva, foleni, chaguo-msingi. Wa Linux wana amri ya lsusb inayoorodhesha vifaa vya USB, jibu ni lile lile.

Jambo la pili, printa nyingi zinaweza kuchapa ukurasa wa majaribio zenyewe bila kompyuta, kwa kubonyeza vitufe vyake. Ufanye huo mtihani. Ukitoka safi, umeshaitoa printa kwenye kesi, angalau upande wa karatasi na wino.

Na la tatu, kuhusu "nilizima nikawasha". Kuanzia Windows 8 kuna mpangilio wa kuwasha haraka. Ukiwa umewashwa, unapozima kompyuta mfumo haufungwi wote, sehemu yake inahifadhiwa kwenye diski na kurudishwa ilivyokuwa. Draiva iliyochanganyikiwa inaweza kurudi nayo. Ukichagua "Restart" mfumo unaanza upya kweli. Ndiyo maana mtu anazima na kuwasha mara tano bila mafanikio, halafu anafanya "Restart" mara moja printa inaonekana.

Meza ya Pembeni

Fundi kanikumbusha. Nilihamisha printa kona nyingine ya chumba, waya haukufika, nikaunga waya wa mita 3 na wa kurefushia wa mita 3. Kompyuta ikawa inalia mlio wa kuunganishwa, sekunde chache baadaye mlio wa kukatika, kuunganishwa, kukatika, kutwa nzima. Ukurasa ukitoka, unatoka nusu na herufi za ajabu.

Waya wa USB 2.0 una kikomo cha mita 5 kutoka kifaa hadi kifaa. Wangu ulikuwa umepita, na pale kwenye kiungio palikuwa panalegea. Nilirudisha printa karibu na waya mmoja wa mita 2. Kimya.

Ukibadilisha waya, kimulike tochi kile kichwa cha mraba kinachoingia kwenye printa. Ndani kuna vyuma vinne vyembamba, viwili kila upande. Viwili kati ya vinne hivyo vinapeleka umeme na viwili taarifa. Waya wangu wa zamani kimoja kilikuwa kimerudi ndani kwa kusukumwa vibaya. Kwa nje unaonekana mzima kabisa.

Kibodi Kuu

Kwangu ni papara. Printa mpya, nikachomeka waya kabla ya kuweka programu, wakati kwenye tundu la printa watengenezaji walikuwa wamebandika stika ya kukataza hivyo. Niliibandua bila kuisoma. Kompyuta ikaisajili kama kifaa cha "Unspecified", na programu ilipokuja baadaye ikawa haiipati. Niliondoa kifaa kwenye orodha, nikaondoa programu, nikachomoa waya, nikaanzisha kompyuta upya, nikaweka programu na kuchomeka pale tu nilipoambiwa. Ikakamata.

Tufaha Bichi

Watu wa Mac msisahau: laptopu zenye chipu za Apple, kuanzia macOS Ventura ya 2022, huuliza kama unaruhusu kifaa kipya cha USB kiunganishwe. Mwanangu alibonyeza kukataa ili ujumbe utoke kwenye skrini, mimi nikahangaika siku mbili nikidhani tundu limekufa. Nilichomoa, nikachomeka tena, nikakubali. Basi.

Karani wa Nyumbani

Hii yangu ilinitisha. Mwanzoni mwa 2025, baada ya kompyuta kupokea sasisho la mfumo, kila nikiwasha printa inaanza kuchapa yenyewe. Sijatuma kitu. Inatoka karatasi yenye mstari mmoja juu, "POST /ipp/print HTTP/1.1", chini yake herufi zisizosomeka, halafu karatasi nyingine, halafu nyingine. Nilidhani kuna mtu kaingia kwenye kompyuta yangu, nikakata intaneti nyumba nzima.

Baadaye nikaelewa. Kuna printa zinazokubali lugha mbili kwenye waya ule ule mmoja: ile ya zamani ya USB, na IPP, ambayo asili yake ni ya printa za mtandaoni. Sasisho lile lilivuruga mpangilio, kompyuta ikawa inatuma amri za IPP na printa inazipokea kama maandishi ya kuchapwa. Kila amri ikawa ukurasa. Niliondoa sasisho, zikakoma, na miezi michache baadaye likaja lililorekebishwa. Ukiona mstari huo juu ya karatasi, usiogope wala usiitupe printa.

Karatasi Tupu

Wakuu, nimesoma yote na bado langu silioni, naombeni msaada. Kompyuta ya mezani, Windows 11. Asubuhi nikiiwasha printa inafanya kazi vizuri. Nikiiacha kompyuta ikalala yenyewe, nikirudi printa haipo. Nachomoa waya nachomeka, inarudi. Imekuwa hivyo tangu nilipopanga meza upya mwezi uliopita. Baba yangu ana barua ya kupeleka leo mchana.

Fundi Tochi

Pole mkuu. Hiyo inafanana na kompyuta kuzima tundu ili kubana umeme. Fungua Device Manager, nenda kwenye USB Root Hub, sehemu ya umeme, ondoa tiki inayoruhusu kompyuta kukizima kifaa. Kama ziko kadhaa, fanya kwa zote. Kisha kwenye mipangilio ya umeme zima "USB selective suspend". Ilaze kompyuta, iamshe, utupe jibu.

Karatasi Tupu

Nimefanya yote, fundi. Nimeilaza dakika kumi. Bado haipo.

Fundi Tochi

Sawa. Umesema ilianza ulipopanga meza upya. Huo waya wa printa kwa upande wa kompyuta umechomekwa wapi hasa? Usiniambie "kwenye kompyuta", ufuate kwa mkono mpaka unapoishia.

Karatasi Tupu

Nimeufuata. Unaishia nyuma ya skrini. Kuna matundu ya USB pale, niliona ni karibu zaidi nikachomeka.

Fundi Tochi

Ndiyo hapo. Skrini yako ina matundu yanayopitisha tu kwenda kwenye kompyuta. Skrini ikilala, nyingi huyakatia umeme matundu hayo, na ikiamka printa haitambuliwi upya. Uchomoe, uchomeke moja kwa moja nyuma ya boksi la kompyuta. Halafu soma alichoandika mwanzisha mada, maana umehama tundu: angalia kama imejitokeza "Copy 1" na uifanye chaguo-msingi.

Karatasi Tupu

Nimehamisha. Kweli "Copy 1" imetokea, nimeiweka chaguo-msingi. Nimeilaza kompyuta, nikaenda kuoga, nimerudi nimeiamsha, printa ipo. Ukurasa wa majaribio umetoka. Barua ya baba nayo inatoka sasa hivi, naiona inavutwa.