Semina ya wahudumu emajensi kuhusu wagonjwa wanaojiumiza wenyewe, nianzie wapi?

nesi_wa_zamu
Wakuu habari za humu. Mimi nesi, nipo emajensi hospitali ya mkoa (mkoa naomba niuache). Matroni kanipa kazi niandae semina ya siku mbili kwa manesi, matabibu na walinzi wa getini, hao niliwaongeza mimi mwenyewe. Mada ni wagonjwa wanaokuja wamejiumiza kwa makusudi, aliyetaka kufa na yule anayejikata ili moyo upoe kidogo, maana kwenye rejista yetu wote tunawaandika "jaribio la kujiua" basi yanaisha.

Kilichonisukuma ni binti mmoja wa sekondari aliletwa usiku na mama yake mdogo, mkono umefungwa kitenge. Wa kwanza kumuuliza kitu alikuwa mlinzi, "umegombana na bwana?", wa pili wa dirishani akadai PF3 (ile fomu ya polisi), wa tatu mimi na mimi ndo sikuuliza chochote kabisa, nilisafisha nikafunga nikamwambia asirudie. Alfajiri wakaondoka, hata namba ya simu hatukuchukua.

Sasa swali, kuna fomu nzuri yenye maksi niwafundishe ili wajue huyu alazwe huyu aende nyumbani? Na watu waliochoka na foleni unawafundishaje wakaelewa?

tabibu_mstaafu
Dada hiyo fomu ya maksi achana nayo. Uingereza wale wa NICE, taasisi yao inayotoa miongozo ya tiba, mwaka 2022 walitoa mwongozo wa kujiumiza wakasema wazi kabisa skoo zisitumike kukisia nani atarudia au nani atajiua, wala kuamua nani apewe huduma nani arudishwe. Mtu anapata maksi ndogo anaruhusiwa, kumbe ndo huyo.

Chukua mhGAP, mwongozo wa afya ya akili wa WHO, toleo la 2016, kuna sehemu nzima ya kujiumiza na kujiua na imeandikiwa watu wasio mabingwa wa akili kama sisi. Halafu fundisha maongezi. Kiswahili chetu tunazunguka sana, nesi anauliza "una mawazo mabaya?" mgonjwa anajibu hapana, nani atakubali ana mawazo mabaya mbele ya shangazi yake? Kwanza ndugu watoke nje ya pazia. Kisha uliza kavu ila kwa upole: umewahi kutamani ufe? Leo ulikuwa unataka kufa? Na sasa hivi tukiongea hapa, bado? Watu wanaogopa kwamba ukiuliza unampandikizia wazo, si kweli, wengi wanashusha pumzi kwamba hatimaye kuna mtu kauliza. Ila mdomo wa nesi unakauka kulitamka hilo neno, kwa hiyo kwenye semina wakae wawili wawili, mmoja awe mgonjwa, walitamke kwa sauti mpaka lisiwe geni mdomoni. Nimeendesha zoezi hilo, dakika kumi za kwanza ni vicheko tu, usiwakatize, baadaye wenyewe wananyamaza.

Mzee_Kijiwe
Wanatafuta huruma tu hao. Bakora zimepungua majumbani.

sitaji_jina
Mzee Kijiwe mimi ni mmoja wa hao na bakora nilikula za kutosha, haikusaidia.
Mleta mada, mimi nilishonwa bila ganzi. Nilipolia nikaambiwa "mbona wakati unajikata hukulia?" na wenzake wakaitwa waje kuona. Miaka minane imepita, kovu nimelizoea lakini hiyo sentensi bado naisikia, na mara mbili baada ya hapo nilijiumiza nikakaa nyumbani na kidonda mpaka kikaoza kidogo kwa sababu sikutaka kurudi pale. Kwenye semina yako anza na ganzi, kabla ya mhGAP yenu. Na kuna mwingine, mhudumu wa usafi wala sio nesi, alinifunika khanga yake akaniuliza nimekula. Yule namkumbuka pia.

wakili_wa_Nakuru
Nawasoma nikiwa Kenya. Huku tulikuwa na kifungu 226 cha Kanuni ya Adhabu, ukijaribu kujiua ni kosa, wagonjwa wengine wanafichwa nyumbani juu ya hiyo. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alisema hicho kifungu kinakiuka Katiba. Nyinyi Tanzania bado mna kifungu 217 cha namna hiyo hiyo, kwa hivyo hao wafanyikazi wafunzwe kwamba kazi yao ni kutibu, mambo ya polisi yasitangulie mgonjwa.

tabibu_mstaafu
Kweli kabisa, na PF3 isimzuie mtu kushonwa. @sitaji_jina pole sana, na ahsante.

Kitu kingine nilisahau na ndo rahisi kuliko vyote: simu. WHO walifanya utafiti nchi tano (Brazili, India, Sri Lanka, Iran na China), matokeo yakatoka 2008, wagonjwa 1,867 waliopitia emajensi baada ya kujaribu kujiua. Kundi moja huduma ya kawaida, lingine likaongezewa kama saa moja ya maongezi kabla ya kuruhusiwa, halafu wakafuatiliwa mara 9 ndani ya miezi 18, kwa simu au kwa kutembelewa. Waliokuja kujiua ni asilimia 2.2 kwa kundi la kawaida na 0.2 kwa waliofuatiliwa. Nesi anatosha kupiga. Unauliza anaendeleaje, analala, anapata wapi msaada. Na kwa watoto mpe na 116 pia, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ile ni bure.

nesi_wa_zamu
Nimesoma yote, ya ganzi nimeyasoma mara mbili. Nimebadilisha ratiba, siku ya kwanza asubuhi hakuna slaidi, ni namna ya kumpokea mtu na kumshona kama unavyomshona aliyeanguka na bodaboda, mchana ndo wawili wawili. Daftari la simu nimeshanunua, kaunta buku, nimelipigia mistari tisa kila ukurasa. Vocha ndo ilikuwa shida, matroni kasema itatoka mfuko wa chai.
Wa kwanza kuthibitisha kuja ni yule mlinzi. Kauliza kama kuna posho.