Naomba ushauri: riwaya ya kumaliza kwa siku nne

Msomaji Kimya: Ndugu zangu wasomaji, salaam. Naomba mnitajie riwaya ya Kiswahili iliyo fupi na yenye kupendeza, ambayo mtu anaweza kuimaliza kwa siku nne na kuizungumzia mbele ya watu bila kubabaika. Nimo katika kikundi cha wasomaji sita, na kila juma kila mmoja wetu hueleza anachokisoma na kinachomfurahisha ndani yake. Nimekwama, na usingizi umenipungua. Tafadhali msiniulize mengi, nitajieni kitabu tu.

Mzee wa Rafu: Chukua Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960. Nilikisoma nikiwa kijana, nikakirudia mwezi uliopita, na ingawa safari hii muuaji nilikuwa nimeshamjua, bado nilimfuata mpelelezi Bwana Msa na kiko chake hadi usiku wa manane kana kwamba sijui kitu. Mke wangu aliniuliza ninachotafuta humo wakati jibu ninalo, nikashindwa kumjibu.

Bi Kurasa: Kilicho mezani kwangu ni Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi huyo kupewa Tuzo ya Nobel. Nilikuwa nimeisoma kwa Kiingereza zamani, lakini kuwasikia wahusika wake wakizungumza Kiswahili kumenifanya niende polepole mno, kwa hiyo kwa siku nne haitakufaa. Ila ndugu, hizo siku nne zimetoka wapi? Nani anakuhimiza?

Msomaji Kimya: Dada, ni mambo ya kikundi tu.

Bi Kurasa: Mambo ya kikundi hayamnyimi mtu usingizi. Sema.

Msomaji Kimya: Basi nitasema. Kwa miezi minane nimekuwa nikisoma jalada la nyuma na kurasa mbili za mwanzo, kisha ninaeleza jinsi kitabu kilivyonigusa. Mwezi uliopita niliisifu Nagona ya Euphrase Kezilahabi. Niliwaambia ni hadithi nyepesi ya mapenzi inayosomeka kwa jioni moja, kwa kuwa shuleni nilisoma Rosa Mistika nikadhani mwandishi ni yule yule na mambo ni yale yale. Wameinunua wote, na Jumamosi mimi ndiye nitakayeongoza mazungumzo. Tayari nimewaandikia kwamba nakala yangu imepotea na kwamba ni afadhali tubadilishe kitabu. Msinihukumu kwa hilo, kwani sikumdhuru mtu, na kusema kweli sifa zangu zimewafanya watu wanunue vitabu.

Kicheko Kidogo: Umekuwa shahidi wa ndoa ambayo hata bwana harusi humjui.

Kalamu Kavu: Mwandishi ni yule yule, mambo siyo. Rosa Mistika ya mwaka 1971 na Dunia Uwanja wa Fujo ya mwaka 1975 zinakwenda kwa njia ya uhalisia, na msomaji anajua yuko mji gani na nani anamdai nani. Katika Nagona, na katika Mzingile iliyofuata mwaka 1991, Kezilahabi aliiacha njia hiyo. Wakati na mahali havishikiki, na fikra ndizo zinazobeba hadithi. Ni kitabu chembamba, na wembamba huo ndio unaowaponza watu. Wenzako wakishafungua ukurasa wa tano watakuwa wanajiuliza mapenzi yako wapi.

Mwalimu Mstaafu: Kijana wangu, katika Kusadikika ya Shaaban Robert, Karama aliposhitakiwa alijitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita, na utetezi huo ulikuwa na nguvu kwa sababu alikuwa na jambo la kweli la kusema. Wewe unataka simulizi bila hilo jambo. Nilifundisha miaka mingi, na mwanafunzi aliyekiri kwamba hakusoma nilimpa muda zaidi, lakini aliyedai kwamba kitabu kimepotea nilimwomba anionyeshe begi lake.

Msomaji Kimya: Mwalimu, nakuheshimu, lakini barua imeshakwenda. Nikikiri sasa nitakuwa nimesema uongo mara mbili. Kikundi kizima cha watu tisa kitanitazama.

Jicho Kali: Hapo hapo. Mwanzo walikuwa sita, sasa wamefika tisa. Na huyu asiyesoma anaandika sentensi zilizonyooka kuliko zetu sisi tunaosoma. Ninashuku kwamba kisa hiki kimetungwa ili tumjazie orodha ya vitabu.

Mzee wa Rafu: Hata kama kimetungwa, Bwana Msa anabaki pale pale.

Kicheko Kidogo: Kama ni utunzi, mhusika mkuu amechorwa vizuri. Mimi ninamfahamu, huwa ninamwona kwenye kioo.

Msomaji Kimya: Sikutunga. Tulikuwa sita. Watatu wamejiunga mwezi huu kwa sababu ya sifa nilizoimwagia Nagona, na mmoja wao hakuwa amegusa riwaya tangu alipomaliza shule. Hilo sikutaka kulisema.

Bi Kurasa: Kumbe ndilo lililokunyima usingizi. Nakala unayo au huna?

Msomaji Kimya: Ninayo.

Jicho Kali: Basi ifungue usiku huu, kisha uje utuambie unachokiona.

Msomaji Kimya: Nimerudi. Nimefika ukurasa wa kumi baada ya kuurudia ule wa kwanza mara tatu. Sijui niko wapi, sijui ni lini, na yule anayesimulia nimeshindwa kumwelewa, ingawa sijataka kukifunga.

Jicho Kali: Sasa ninakuamini. Ungekuwa unatunga, ungejifanya umeelewa.