Naomba ushauri: maji yanavunja matuta ya fanya juu, Lushoto

Habari zenu wakuu. Shamba linashuka mita 2 kwa kila mita 10, udongo mwekundu. Matuta yako umbali wa mita 10, mitaro sm 60 kwa 60, udongo umetupwa upande wa juu. Masika ikikaza, tuta la pili linavunjika palepale. Chini yake mizizi ya mahindi iko nje, vifereji vya kina cha kidole.

Nimepima upya kwa fremu ya A (miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, yenye timazi, ya kupimia usawa wa ardhi). Pale panapovunjika mtaro umezama sm 15, kwa hiyo maji ya mstari mzima yanakimbilia hapo. Ndiyo hasara ya kukadiria kwa macho. Nitausawazisha na kuacha vizuizi vya udongo ndani yake.

Ninapokwama ni maji yatokayo juu ya shamba. Mtaro wa kuyakinga uteremke kama sm 40 kwa mita 100, sawa, lakini uishie wapi? Kwa jirani siwezi, nitamchimbia korongo. Je, njia ya maji iliyopandwa nyasi katikati ya shamba itahimili mteremko huu bila mawe?

Na nyasi za kushikilia udongo juu ya tuta: matete yananyang'anya mahindi maji na mbolea. Waliopanda majani ya Guatemala au vetiva, mliacha nafasi gani kati ya mashina?